Kiarabu kinanishinda, nikiache?

(Mazungumzo na wazazi na wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu, Wete, Pemba)

Assalaamu alaykum. Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kama watu wanaosubiri gari.

Kila mwaka, zikikaribia siku za kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu, kuna mwanafunzi atakayenifuata nyuma ya darasa na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, Kiarabu kinanishinda, nikiache?" Fizikia mtoto huikimbia mchana kweupe, tena akicheka na wenzake. Kiarabu anakiacha kwa kunyatia. Anajua nyumbani hawatasema ameacha somo, watasema ameacha dini.

Baba anashangaa: "Huyu amekhitimu msahafu, Kiarabu cha skuli kitamsumbua nini?" Bwana, chuoni, yaani madrasa, mtoto amefundishwa kusoma. Herufi anazijua, makhraji yake, yaani namna anavyozitamka, mazuri, pengine kukushinda wewe. Lugha yenyewe hajafundishwa. Anaingia darasani anakutana na nahau. Kitabu kimoja, kitaabun. Vitabu viwili, kitaabaani. Vikifika vitatu, kutubun! Sisi tunasema kitabu, vitabu, basi tumemaliza. Wenzetu wana umbo la viwili peke yake, na wingi wenyewe mara nyingi neno linavunjwa kwa ndani, huwezi kubahatisha. Ameandika mwanamme, kataba. Ameandika mwanamke, katabat. Mtoto anakwama, na ile sifa ya kukhitimu inamfunga mdomo asiulize. Aibu ndiyo inayomshinda kabla ya nahau.

Nami sisemi mbali. Nilipokuwa Kidato cha Tatu nilikuwa namba ya mwisho katika somo hili ninalolisomesha leo. Marehemu baba hakutaka kusikia habari ya kuacha. Basi nikahifadhi insha moja, ya safari ya shamba, na kila mtihani nikaiandika hiyohiyo. Wakiuliza habari za rafiki yangu, rafiki anakwenda shamba. Wakiuliza habari za sikukuu, tunasherehekea shamba. Nilipata D, na Kiarabu sikukijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kwa hiyo kumlazimisha mtoto abaki, peke yake, hakumfundishi kitu.

Sasa utajuaje kama ukaze au uache? Mimi nina kipimo kimoja. Toa daftari lako la mwaka jana, fungua zoezi lililokutoa jasho. Likionekana jepesi leo, na makosa yako unayaona mwenyewe, basi unakwenda. Kigumu ni hiki cha wiki hii tu, nacho kitapita. Likiwa bado giza lilelile, umekwama, na hapo tafuta sababu. Kuna madarasa yamekaa muhula mzima bila mwalimu. Huko lugha haina kosa, na mtoto asijiite mzito. Atafutiwe wa kumrejesha nyuma, aanze pale alipopotea.

Tena msisahau kwamba Mswahili haanzi na sufuri. Kitabu, katibu, maktaba: k, t, b zimo zote, ni mzizi mmoja. Safari na msafiri vilevile. Mzungu anahangaika wiki nzima na herufi ya ghaini. Wewe unasema "ghali" sokoni kila siku. Tuna jamaa Maskati, na pale Nyaraka, Kilimani Unguja, zinapohifadhiwa kumbukumbu za zamani, kuna maandishi ya Kiarabu ya wakati wa masultani yanayosubiri watu wetu wenyewe wayasome.

Haya, hesabu, maana nawaona wazazi mnaitaka. Baraza la Mitihani linapanga daraja la Kidato cha Nne kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Daraja la kwanza ni pointi 7 mpaka 17. Ukifanya masomo tisa, mawili dhaifu kabisa hayahesabiwi. Kwa hiyo Kiarabu kikiwa cha tisa hakikushushi daraja. Kinachokula ni saa zako. Ukitaka sayansi Kidato cha Tano unahitaji krediti, yaani C kwenda juu, na alama nzuri katika masomo yako ya sayansi, na saa hizo utazitoa wapi?

Nilikuwa na mwanafunzi wa kike aliyetaka udaktari. Kemia ilikuwa inamyumbisha, na jioni tatu kwa wiki alikuwa kwenye tuisheni ya Kiarabu. Kipimo cha daftari alishindwa mara mbili, na alijitahidi, mimi ni shahidi. Nilikwenda kwao mwenyewe baada ya magharibi nikamwambia baba yake: mtoe. Mwalimu wa Kiarabu huyo anasema hivyo! Mzee alinyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akaniuliza, "Na kusoma dua atajifunza wapi?"

Nikamwambia, "Chuoni, mzee wangu, kama ulivyojifunza wewe."

Alicheka, akatia sahihi barua.

Maswali. Kijana wa dirishani, umeinua mkono tangu nilipotaja pointi. Simama tukusikie.