Herufi Zilizoshiba Pilau

TATU: Beka, kabla hujafungua karatasi yako ya masomo matano ya fonti, yaani mitindo ya herufi, wiki hii nimeuaibisha ukoo mzima.

BEKA: Tena?

TATU: Arobaini ya babu mdogo. Nikapewa kazi ya bango la kuelekeza wageni. Kijana wa uchapaji kaniuliza fonti gani, nikamwambia nene, isomeke hadi barabarani. Bango likatundikwa: "Arobaini ya Babu", herufi zimeumuka kama maandazi! Shangazi akauliza, "Hapa pana khitma au bethdei?"

BEKA: (anacheka) Nitumie picha. Ee, Cooper Black hiyo! Kazi ya Oswald Cooper wa Chicago, ilitoka 1922, enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi. Serifi inazo, vile vijiguu vya herufi, ila kona zote zimelika kama sabuni iliyotumika wiki nzima.

TATU: Halafu hiyo "o" imekaaje?

BEKA: Imeegemea nyuma. Tundu lake limelala kushoto, ndivyo alivyoichora.

TATU: Kama shemeji baada ya pilau!

BEKA: Mkanda kaulegeza.

TATU: Anatafuta kijiti cha meno! Na chini tuliweka namba ya simu, ndogo. Sita na nane hazitofautiani. Wageni watatu wamempigia fundi bomba.

BEKA: Ndiyo ilivyo. Ikiwa kubwa inapendeza, ukiipunguza matundu yanaziba. Zamani waliitania kuwa ni ya wachapaji wanaoona mbali na wateja wasioona mbali. Iache kwenye matangazo, fulana, vibanda vya chipsi. Msibani hapana.

TATU: Hapo sasa nakukatalia. Babu alikuwa mnene, mcheshi, kila kiti alikilalia hivyo hivyo. Ile "o" ni yeye mtupu.

BEKA: Bango si la babu, Tatu. Ni la waliofiwa.

TATU: Na mimi sijafiwa?

BEKA: Umefiwa, pole. Lakini mgeni anayeshuka kwenye bodaboda hamjui babu. Anaona sherehe.

TATU: Shirika la ndege la easyJet wameibandika ubavuni mwa ndege, watu wanapanda. Mbona hawasemi rubani anafanya mzaha?

BEKA: Wale wanauza safari za bei nafuu! Wewe unauza nini?

TATU: Simuuzi mtu kitu. Namkumbuka.

BEKA: ...Bado nasema hapana.

TATU: Na mimi bado nasema ndiyo.

BEKA: Haya. Shemeji anasemaje?

TATU: Shemeji kasinzia.

BEKA: Jamani, wenye studio wanagonga. Masomo matano sijasoma hata moja.

TATU: Soma la kwanza, haraka.

BEKA: "Kabla ya kuchagua fonti nene, jiulize—" Wanagonga tena.

TATU: Acha. Nawahi kulirekebisha bango.

BEKA: Unabadilisha fonti?

TATU: Namba ya simu, bwana. Fundi bomba kachoka.