Funga Daftari, Kisha Useme

MANKA: Shikamoo mwalimu.

ELI: Marahaba mdogo wangu. Za huko Majengo?

MANKA: Nzuri. Mlima umejifunika tangu alfajiri na baridi ni ya sweta mbili. Wasikilizaji karibuni. Mimi ni Manka, mwaka wa tatu hapa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na niko na mwalimu Eli anayefundisha biolojia sekondari. Leo ni siku ya mwanafunzi: anaamka anafanya nini, anasoma vipi, na kwa nini mmoja anakipenda kitabu na mwenzake anakikimbia.

ELI: Basi nianze na wewe. Jana ulisoma vipi? Nataka siku yenyewe, siyo ile ratiba iliyobandikwa ukutani.

MANKA: Jana niliamka saa kumi na moja, kabla jirani hajafungulia muziki. Daftari sikuligusa. Nilichukua karatasi tupu, nikaandika kila ninachokumbuka kwenye mhadhara wa juzi wa sheria za ushirika. Nilipokwama niliacha nafasi. Baadaye ndiyo nikafungua daftari, nikajaza zile nafasi kwa kalamu nyekundu. Chai na chapati ya mama wa pale kona, saa mbili nikawa darasani. Mchana maktaba. Jioni diskasheni, kila mmoja anawafundisha wenzake sehemu yake na daftari limefungwa. Usiku riwaya kidogo, nikalala.

ELI: Tukae hapo kwenye karatasi tupu. Wanafunzi wangu wakiniambia "mwalimu nimesoma", mara nyingi wamepitisha macho kwenye daftari mara tatu, mara nne, wamepiga mistari kwa kalamu ya rangi. Daftari linapendeza kweli. Muulize swali sasa, anaangalia dari.

MANKA: Na hapo hakudanganyi. Anaamini kabisa amesoma.

ELI: Anaamini, kwa sababu ukirudia kusoma kitu macho yanakizoea, na mazoea yanakupa imani kwamba unakijua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili. Waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi lingine lilikisoma mara moja tu, kisha likajaribu kukikumbuka mara tatu, kwenye karatasi, bila kukiangalia. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma ndio walioongoza.

MANKA: Ndiyo maana watu wanasoma mlangoni mwa chumba cha mtihani.

ELI: Eeh. Sasa subiri wiki moja ipite. Waliosoma mara nne walikumbuka kama asilimia 40 ya kile kifungu. Waliosoma mara moja na kujipima mara tatu walikumbuka asilimia 61. Na ukiwauliza mapema nani atakumbuka zaidi, wale wa kusoma mara nne ndio waliojiamini zaidi. Hilo linaniumiza kama mwalimu, maana nina watoto wanaojituma usiku kucha kwa njia isiyowalipa, na hakuna aliyewaambia.

MANKA: Mimi mwenyewe njia hii nimeikuta chuoni, kwa dada mmoja tuliyekuwa tunakaa naye hosteli. Ningeipata kidato cha pili ningeokoa mengi. Na siku za kurudia je? Kuna wanaorundika yote wiki ya mwisho.

ELI: Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima baada ya muda ni kiasi gani cha ile kazi ya kukariri alichookoa alipojifunza upya. Baada ya saa moja ilikuwa chini ya nusu. Baada ya siku moja, karibu theluthi. Kisha kasi ya kusahau inapungua. Sasa somo lenye maana halipotei haraka kama silabi tupu, lakini mwelekeo ndio huo: pigo kubwa liko mwanzoni. Kwa hiyo rudia kesho yake, kisha baada ya siku chache, kisha wiki ijayo. Dakika kumi kumi tu. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni kujinyima usingizi, na usingizi ndio unaosaidia ubongo kuyatuliza uliyojifunza mchana.

MANKA: Sasa mwalimu, kuna jambo ambalo tukilipita tutakuwa hatujawatendea haki wanafunzi wa shule zetu. Lugha.

ELI: Hapo umegusa penyewe.

MANKA: Mtoto kasoma msingi yote kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, karibu kila somo ni Kiingereza. Unamwambia "eleza kwa maneno yako". Maneno yake kwa Kiingereza hayapo bado. Anafanya nini? Anakariri aya nzima na nukta zake.

ELI: Nami siwezi kumlaumu. Nikueleze ninachofanya. Nikifika kwenye osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli, kuna mtoto anaitaja fasili kama shairi, neno kwa neno. Nikimuuliza maji yanakwenda wapi, kimya. Basi siku hizo naingia darasani na bilinganya na chumvi. Nakata vipande, nanyunyizia chumvi, tunaendelea na mambo mengine. Baada ya muda vipande vimetoa maji, vimelegea. Nawaambia: mwelezeni mama yenu nyumbani leo, kwa Kiswahili, kwa nini bilinganya limetoa jasho. Maji yalikuwa ndani ya seli, chumvi iko nje, ukuta wa seli upo, utando upo, basi yaliondokaje? Akishaweza kumweleza mama yake mpaka mama akauliza swali la nyongeza, ndipo tunakaa kuandika Kiingereza cha mtihani. Inachukua muda zaidi. Silabasi inanikimbiza, na bado naona hiyo ndiyo kazi yenyewe.

MANKA: Wewe unaruhusu Kiswahili darasani. Kuna mahali mtoto akiongea Kiswahili anaadhibiwa.

ELI: Kumwadhibu mtoto kwa kuuliza swali kwa lugha anayoifikiria ni kumfundisha asiulize. Natamka hivyo wazi. Anatakiwa akijue Kiingereza, tena vizuri, awe na msamiati wa kusoma vitabu vikubwa. Lakini kuelewa kwanza. Mwanafunzi ajiwekee utaratibu: kaunta buku, ukurasa wa kushoto anaeleza kwa Kiswahili chake, wa kulia anaandika vile mtihani unavyotaka.

MANKA: Nikuulize sasa kuhusu mapenzi ya kusoma. Mimi nasema yanaanza kabla ya kuelewa. Mtu anavutwa kwanza, kuelewa kunakuja nyuma.

ELI: Mimi naona kinyume. Kinachoitwa uvivu wa kusoma, mara nyingi ni kutoelewa kwa muda mrefu. Mtoto akielewa kitu kimoja barabara, anataka cha pili.

MANKA: Ngoja nikupe mfano wangu. Mwaka wa kwanza tulisoma historia ya ushirika. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNPA, mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika, 1932. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, 1933. Mimi kwangu zilikuwa tarehe za testi. Nikapanda Marangu kwa bibi. Tumekaa kihambani, shamba la nyumbani, chini ya migomba, nikamtajia kwamba nasoma habari za chama. Bibi akaanza: foleni ya mzani, kahawa kwenye magunia, karani na daftari lake, malipo ya kwanza, kisha mnasubiri malipo ya pili ndiyo ada ya watoto itoke. Akaniambia alijiunga na kisomo cha watu wazima ili asome mwenyewe stakabadhi yake ya mzani. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi yangu ni miongoni mwa walioitikia ile kampeni ya miaka hiyo. Hakutaka kusomewa kilo zake na mtu mwingine!

ELI: Huyo ndiye mwanafunzi.

MANKA: Mwalimu, nilirudi Moshi nikaingia maktaba kama mtu aliyepoteza kitu. Nilitaka kujua kwa nini walowezi walipinga Wachagga kulima kahawa. Nilitaka kujua mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu na mazao kukusanywa kupitia vijiji, wakulima walipokeaje, na kwa nini sheria ya 1982 ikavirudisha. Hakuna hata moja lililokuwa kwenye maswali ya testi. Nilisoma kwa sababu ya bibi. Sasa si mapenzi hayo yaliyotangulia?

ELI: Sikiliza lakini. Ungekuwa hujasoma tarehe zile, ungekaa na bibi mkaongea habari za ng'ombe na majirani. Usingejua cha kumuuliza. Mara ngapi ulikwenda Marangu kabla ya hapo, na mzani haukutajwa?

MANKA: Haukutajwa kamwe. Hilo nakukubalia.

ELI: Kitabu kilikupa swali, bibi akakupa sababu ya kulifuata.

MANKA: Na maktaba ikanipa mahali pa kulifuatia. Niseme kidogo hapo. Bodi ya huduma za maktaba nchini ilianzishwa kwa sheria mwaka 1963, mwaka uleule chuo chetu kilipoanza kama Chuo cha Ushirika. Taifa lina miaka miwili tangu uhuru, limekaa chini likaamua wananchi wawe na maktaba. Napenda kulifikiria hilo. Na hapa mjini maktaba ya mkoa ipo, wanafunzi wengi wanapita nje yake wakienda stesheneri kutoa fotokopi ya madesa, zile noti za muhtasari.

ELI: Desa lina kazi yake, muhtasari unasaidia. Shida ni mtu kumaliza semista nzima hajashika kitabu chenye jalada. Desa ni majibu ya mtu mwingine kwa maswali ya mtu mwingine. Ukisoma sura nzima unaona mwandishi alivyofika pale, wapi alisita, nani alimpinga.

MANKA: Simu tuiseme?

ELI: Kwa kifupi. Saa ya kusoma iache chumba kingine, au mpe mwenzako akushikie. Ukiiweka mezani hata ikiwa kimya nusu ya akili yako iko kwake.

MANKA: Na mimi niongeze: bando likiwepo, pakua vitabu mara moja kisha zima data. Haya, tuna swali. Msikilizaji wetu wa Himo, kidato cha tatu, anasema: "Masomo yote naenda nayo, kemia naichukia. Nikifungua kitabu nasinzia. Nifanyeje?" Mwalimu, hili ni lako.

ELI: Mdogo wangu wa Himo, asante kwa kusema kweli. Sitakuambia uipende kemia. Nakuomba ufunge kitabu kwa siku chache, uingie jikoni. Kwenu mnapika maharage?

MANKA: Himo hiyo, maharage hayakosi.

ELI: Muulize mama kwa nini anatia magadi. Atakuambia yanaiva haraka, kuni zinapona. Sasa wewe uliza: magadi yanafanya nini kwenye punje ya harage? Kinachoshikilia seli za harage pamoja ni vitu kama pektini, na kwenye maji yenye besi, kinyume cha asidi, kama haya ya magadi, vinalegea mapema, ndiyo maana punje inalainika. Tayari uko ndani ya sura ya asidi na besi, na hujafungua kitabu.

MANKA: Na magadi yenyewe yanatoka wapi?

ELI: Hilo ndilo swali la pili! Huku kwetu kaskazini kuna Ziwa Natron, ziwa la magadi, na kusini yake umesimama Oldonyo Lengai. Huo ni mlima wa volkano wa ajabu duniani, lava yake imejaa kaboneti za sodiamu na kalsiamu, wakati volkano nyingine hutoa lava ya silikati. Mvua na chemchemi zinabeba chumvi za miamba ya eneo lile hadi ziwani, maji yanakauka kwa jua, magadi yanabaki. Kwa hiyo kutoka kwenye sufuria ya mama yako unaweza kusoma mpaka ukafika kwenye volkano, na njia yote ni kemia.

MANKA: Mwalimu, mimi nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na sasa nataka kusoma kemia.

ELI: Karibu sana. Na jaribio la kufanya nyumbani lipo. Chemsha rosela kavu, upate ile juisi nyekundu. Ipoze, igawe kwenye glasi mbili. Moja iache ilivyo, ya pili tia magadi kidogo ukoroge. Andika unachokiona. Kisha kwenye hiyohiyo ya pili kamulia ndimu, nyingi ya kutosha, uandike tena. Hiyo ya majaribio usiinywe.

MANKA: Inabadilika kuwa rangi gani?

ELI: Sisemi. Akiona mwenyewe atataka kujua sababu, na sababu iko kwenye kitabu chake, sura ya vitambuzi vya asidi na besi. Asome hiyo sura moja tu, afunge kitabu, amweleze mama kwa Kiswahili. Kisha atuandikie.

MANKA: Umesikia, wa Himo. Tunasubiri rangi zote mbili, na maelezo uyaandike kitabu kikiwa kimefungwa. Rosela hata mimi ninayo gheto, kwa hiyo wiki ijayo tutalinganisha majibu.