Gorogoro na Debe: Kwa Nini Picha Moja Hubadilika Rangi

Wapigapicha wenzangu, hamjambo? Asanteni kwa kufika hapa Kisumu, hasa nyinyi mliotoka Siaya na Kakamega alfajiri.

Nilipiga harusi moja Kondele. Bibi harusi alivaa kitenge chekundu, wekundu wa pilipili iliyoiva. Kwenye kompyuta yangu kilikuwa kinawaka. Nikatuma picha. Jioni mama yake akapiga simu: "Mwanangu, kitenge cha binti yangu umekifanyaje? Kimepauka kama kilichofuliwa mwaka mzima." Nikaifungua picha kwenye simu ya mke wangu, na kweli kimepauka. Faili ni lile lile, sikuligusa.

Ndani ya faili la picha hamna rangi, mna namba. Kila nukta ina namba 3, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Sasa nenda soko la Kibuye umwambie mama wa mahindi, "Nipimie mbili." Atakuuliza: mbili gorogoro, ule mkebe mdogo, au mbili debe? Namba bila kipimo haisemi kitu.

Kipimo cha picha ni profaili ya rangi. Profaili moja, sRGB, ilibuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Nyingine, Adobe RGB, ilikuja 1998, nayo ni pana zaidi, yaani inabeba rangi kali zaidi, hasa upande wa kijani. Nyekundu kali kabisa ya sRGB huandikwa 255, 0, 0. Nyekundu hiyo hiyo kwa Adobe RGB ni 219, 0, 0. Kamera yangu ilikuwa imewekwa Adobe RGB. Programu ya kompyuta ilisoma profaili ikaelewa. Ile ya simu haikuisoma, ikaichukua 219 kama ya sRGB, nyekundu ikafifia. Mimi niliandika debe, mama akapimiwa gorogoro.

Kinyume chake kipo pia: picha ya sRGB kwenye skrini yenye upana wa rangi kuliko sRGB, programu isipobadilisha namba, nyuso zote zinaiva kama zimechomwa jua.

Skrini nazo hazilingani. Mwangaza, umri, ile hali ya usiku inayotia umanjano. Ndiyo maana nawasihi msirekebishe rangi kwa kukisia kwenye simu. Ukiongeza nyekundu ili simu yako ipendeze, umeiharibu kwa wengine wote. Kifaa cha kupimia skrini kina gharama, lakini studio 3 au 4 zinaweza kuchangia kimoja.

Picha ya mteja igeuzeni iwe sRGB, na profaili ibaki ndani ya faili. Angalieni hapo: kugeuza hubadilisha namba ili rangi ibaki, lakini kubandika profaili nyingine huacha namba na kuvuruga rangi. Wengi hubonyeza hilo la pili.

Kwenye meza ile nimeweka heroe wa Ziwa Nakuru, faili moja kwenye programu mbili. Sogeeni, mtazame manyoya ya bawa.