Kukariri, Kughani na Kusoma kwa Ghibu

Walimu wenzangu wa Kiswahili, asanteni kwa kunialika.

Nimekuja kutetea neno tuliloliharibia jina wenyewe: kukariri. Tukisahihisha mtihani tukaona majibu yamenakiliwa kichwani neno kwa neno, tunasema, "Huyu kakariri tu." Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kurudiarudia. Ubaya wake uko wapi? Tunampa mtoto maelezo makavu yasiyostahili kurudiwa, halafu tunamlaumu kwa kuyarudia.

Pwani kazi hii ina majina zaidi ya moja. Mtoto wa chuo cha Kurani anayetoa sura bila kutazama msahafu anasoma kwa ghibu, maana kitabu hakipo mbele yake. Lakini bado tunasema anasoma; Kurani haighaniwi. Kughani ni kwa mashairi na tendi: kuyatoa kwa sauti na mahadhi, watu wakisikiliza. Kukariri unaweza ukajifungia chumbani peke yako. Kughani kunataka hadhira.

Na watunzi wetu walitunga wakijua kwamba maneno yatakaa kifuani mwa mtu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia. Sikilizeni vipande viwili vya mwanzo wake: "mchachefu wa sanati, upulike wasiyati." Kila kimoja kina mizani nane, yaani silabi nane, na vyote vinaishia na kina cha "ti". Tuseme mghani amesahau "wasiyati" akatia "maneno yangu". Maana haikuharibika sana, kwa kuwa kupulika ni kusikiliza. Ila hesabuni: u-pu-li-ke ma-ne-no ya-ngu. Mizani tisa, na kina kimepotea. Sikio la mwenyewe litamshtaki kabla hajasahihishwa na mtu. Vina na mizani tunavifundisha kama sheria za kujibia mtihani, tukasahau kwamba ndivyo vinavyolinda maneno yasipotee.

Ushahidi mkubwa ninaoujua ni wa Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki karibu mwaka 1840. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia mmishenari Mwingereza, William Taylor, kuyakusanya mashairi yake, na mengi yalikuwa bado vifuani mwa watu wa Mombasa. Diwani ilichapishwa mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya mtunzi kuzikwa. Fikirini hao waliokuwa wakiyaghani barazani miaka yote ile. Majina yao hatuyajui, nami nasema tuna deni kwao kama tulilo nalo kwa Muyaka mwenyewe. Wasingeyapenda mashairi yale kiasi cha kuyabeba, leo tungekuwa tunasikia tu kwamba palikuwa na malenga hodari.

Basi ombi langu kwenu. Kabla ya kumwuliza mwanafunzi shairi lina bahari gani, yaani ni la aina gani, mwacheni alighani. Someni ubeti wa kwanza kwa sauti, darasa liitikie. Msiandike ubaoni bado. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili, kwa hiyo pumzi ikatwe pale katikati. Akikata penginepo, mrudisheni. Mahadhi atafute yake, awe ameyasikia kwa bibi yake au kwenye taarabu, hayo si ya kumpangia. Maana ya maneno magumu mwelezeni baadaye, akiwa tayari anayo mdomoni na anataka mwenyewe kujua anasema nini.

Anzeni na shairi lenye kiitikio, ule mshororo wa mwisho unaorudi kila ubeti. Mkifika ubeti wa tatu, hata mwanafunzi wa nyuma asiyefungua kitabu atakuwa anaupokea.