Mafuta Hayaleti Maji

Mhadhara kwa waanika dagaa na wauzaji wa vipodozi, Kirumba, Mwanza

Mama zangu, dada zangu, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma, naanza na jambo ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti, na nitalisema mpaka lieleweke: mafuta hayaleti maji. Ngozi kavu imepungukiwa maji. Ukiipaka mafuta ya mgando ikiwa imeshakauka kabisa, umefunika ukavu tu. Itang'aa mpaka saa nne asubuhi, ikifika saa sita imepauka tena, halafu unarudi dukani kugombana na muuzaji kwamba kakuuzia feki.

Kazi ya mafuta ya mgando ni kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi. Basi lazima yayakute hayo maji. Ukimaliza kuoga, jifute kwa kugusagusa na taulo, usisugue, ngozi ibaki na unyevunyevu, kisha paka ndani ya dakika 3 hivi. Si baada ya kubandika chai, kumvalisha mtoto na kupokea simu ya shemeji. Unapobeba ndoo na taulo kwenda bafuni, beba na kopo la mafuta. Hilo peke yake, bila kuongeza hata shilingi, linatuliza ngozi nyingi ambazo wenyewe wameshazunguka nazo maduka yote ya Makoroboi wakitafuta dawa.

Na kiasi? Ukikamua krimu ya tyubu kwenye kidole cha shahada, kutoka mkunjo wa juu hadi ncha, hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mkono mzima mpaka vidole unataka vipimo 4 vya namna hiyo, mguu mzima mpaka unyayo unataka 8. Wengi mnapaka 2 mkidhani mnabana matumizi.

Sasa glisarini, maana najua kuna mtu hapo ananyoosha mkono. Glisarini inavuta maji, kweli. Lakini ukiipaka tupu mwezi wa Julai, hewa imekauka na upepo unavuma, inayavuta maji ya ngozi yako mwenyewe, halafu unabaki unanata na vumbi la barabarani limekuganda. Changanya kijiko 1 cha glisarini na vijiko 4 vya maji yaliyochemshwa yakapoa, paka mwili ukiwa mbichi, halafu juu yake mgando kidogo. Tengeneza ya siku mbili tatu tu. Mchanganyiko huo hauna kitu cha kuzuia vijidudu, na ukikaa unaharibika.

Lakini shida yenyewe huanzia kwenye ndoo. Sabuni ya mche! Ngozi ya mtu ina asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho kikipanda asidi inapungua, ni kama 4.5 hadi 5.5. Sabuni ya kufulia huwa 9 au 10, wakati mwingine zaidi. Imetengenezwa kutoa mafuta kwenye kola ya shati, na haijui kwamba hii ni shingo ya mtu. Ongeza maji ya moto na dodoki gumu kila siku, halafu ushangae miguu kuwa kama imepakwa majivu. Mwenye ngozi kavu atumie sabuni laini isiyo na manukato, tena kwapani, sehemu za siri, miguuni na penye uchafu unaoonekana. Sehemu nyingine maji yanatosha.

Kuna atakayesema, "Mimi nimeogea sabuni ya mche tangu utoto, ngozi yangu haina neno." Sawa, nakuamini. Ngozi yako ni ya mafuta, ina akiba. Jirani yako hana akiba hiyo, na wewe ndiye unayemshauri! Hapo ndipo tunapoumizana. Dada anamwona mwenzake ananawiri, anauliza "unapaka nini?", ananunua kopo lile lile. Swali la kwanza lingekuwa: ngozi yake ni ya aina gani, na yangu je?

Kujua ni rahisi. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kausha, usipake chochote, kaa kivulini saa 1. Kisha chukua tishu, bonyeza paji la uso, pua, kidevu, halafu mashavu. Tishu ikitoka na madoa ya mafuta kila mahali, ngozi ni ya mafuta. Ikitoka safi na uso unahisi kubanwa, ni kavu. Ikishika mafuta kwenye paji na pua lakini mashavu yakaitoa safi, una ngozi mchanganyiko, na usiutendee uso wote jambo moja: mgando mashavuni, losheni nyepesi sehemu nyingine.

Mikono ya mnaoosha na kuanika dagaa nina la kuiambia. Maji, chumvi na jua, kutwa nzima. Ukimaliza kazi suuza kwa maji safi, paka papo hapo. Usiku paka mgando mzito, vaa soksi kuukuu za pamba mikononi, lala nazo. Magaga ni hivyo hivyo: loweka miguu dakika 10 hadi 15, sugua taratibu kwa jiwe, paka krimu yenye yurea, kilainisha ngozi ngumu, asilimia 10 hadi 25, vaa soksi. Kama yamepasuka mpaka yanatoa damu, mgando tu kwanza, yurea itachoma. Wembe weka mbali. Kila wiki watu wanakata magaga kwa wembe na kuingiza vijidudu, na mwenye kisukari anaweza kupoteza mguu kwa hilo.

Ngozi ya mafuta nitaipitia haraka. Osha uso mara 2 kwa siku, si 5. Kusugua hakukaushi mafuta, kunaleta vidonda. Chunusi zikijaa kwenye paji peke yake, angalia mafuta ya nywele yanayoteremka. Na limao, tafadhali! Maji ya limao usoni kisha jua la saa saba yanaunguza. Kuna kemikali kwenye limao na ndimu inayowashwa na mwanga wa jua, na lengelenge likipona linaacha doa jeusi la miezi.

Ngozi nyeti: kipodozi kipya paka kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono, mara 2 kwa siku kwa siku 7. Ikiwasha, acha. Lakini si kila muwasho ni ngozi nyeti. Ukiwashwa na kutoka vipele saa chache baada ya kuingia ziwani, huenda ni vijidudu vya kichocho vimepenya ngozini. Krimu haivitoi, nenda kituo cha afya ukapimwe. Ukiwashwa zaidi usiku, katikati ya vidole, na watoto nao wanajikuna, huo ni upele: nyumba nzima itibiwe siku moja, la sivyo mtarudishiana.

Mkorogo, yaani krimu za kujichubua, nilitaka kuupa nusu saa, na muda umekwisha. Nitaje tu vitu vinavyowekwa humo. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaleta weusi wa bluu mashavuni usiotoka. Klobetasoli inaifanya ngozi nyembamba na kuleta michirizi. Ninyi wauzaji mnavijua vikopo hivyo, viondoeni kwenye rafu. Aliyekwisha tumia miezi mingi asiache ghafla peke yake, amwone daktari wa ngozi.

Na watu wenye ualbino, ambao kanda hii, hasa Ukerewe na Sengerema, tunao wengi: hapa tuko karibu na ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mawingu hayazuii jua. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, si kapelo, kwa sababu kapelo inaacha masikio na shingo. Mikono mirefu. Mafuta ya kuzuia jua, kama Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, dakika 20 kabla ya kutoka, na tena kila saa 2. Kidonda kisichopona wiki 4, hata kama hakiumi, hospitali ya Bugando moja kwa moja. Mlio na watoto wenye ualbino msiondoke kwanza. Njooni hapa mbele tuangalie masikio, midomo na shingo zao.