Udongo Uliohamishwa Haujasafishwa
Mhadhara kwa wakaaji wa kartye, ukumbi wa parokia, Lubumbashi

Jambo yenu, wamama na wababa. Kule nyuma mnanisikia? Sawa.

Shefu wa kartye ameniomba nieleze namna ya "kutoa sumu" kwenye ule uwanja wa kiwanda cha zamani kabla haujakatwa parsele, viwanja vya kujengea. Neno hilo, kutoa, ndilo linalotuponza. Wengine mmeshanisikia nikiligombania mpaka mmechoka. Leo mtachoka tena.

Historia ya shemine, lile bomba refu la moshi la tanuri za shaba, sitaieleza, mnaiona kila mkifungua dirisha. Tanuri zilianza 1911, upepo wetu wa kusini-mashariki ukabeba moshi na vumbi kaskazini-magharibi, na mpaka leo nendeni Penga Penga mkaone udongo ambao hauoti mahindi, umebaki na nyasi fupi za kuchomachoma. Tanuri zilizimwa miaka ya 1990. Mbao huoza, nguo huoza, hata mtu huoza, mnisamehe wamama. Shaba haiozi. Risasi, ile metali nzito, haiozi. Kadimi, metali nyingine yenye sumu, haiozi. Mkiielewa hiyo, nusu ya mhadhara imekwisha.

Sasa kisa changu. Ndiyo, kile cha kamio, malori ya udongo. Wanaokijua watulie.

Nilipojenga nyumba yangu, parsele ilikuwa bondeni. Mvua ya Januari ilikuwa inaingia mpaka chini ya kitanda. Nikanunua kamio sita za udongo wa kujazia. Dereva akaniambia ni udongo mzuri, mweusi, na bei ya ndugu. Mimi ambaye nafundisha watoto wa watu kushika udongo, kuunusa, kuupima uchachu, sikumuuliza hata mara moja: baba, umeutoa wapi? Bei ilikuwa tamu.

Mke wangu akapanda lengalenga. Zikaota zikafika urefu wa kidole, zikasimama hapo. Majani yakawa manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Akaniuliza mbele ya wageni: "Baba, wewe wa udongo, mboga zako zina malaria?" Nikamjibu kitaalamu kwamba pamekosa mbolea. Nikaleta mavi ya kuku, magunia manne. Zikafa zikiwa zimeshiba.

(Watu wanacheka.)

Ikafika kiangazi, mwezi wa sita. Chini ya ukuta, pale tofali linapogusana na ardhi, kukatoka unga. Unga wa kijani kibichi unaoelekea bluu, kama ule unaoshika kichwa cha betri ya gari iliyozeeka. Maji ya chini yanapanda ndani ya tofali, jua linayakausha, chumvi inabaki nje. Binti yangu mdogo alikuwa anaukwangua kwa kucha, anampaka mtoto wake wa kitambaa machoni, amrembeshe. Nilipomkuta nilihisi miguu imekuwa maji. Nikang'oa shina la mahindi pembeni: mizizi mifupi, minene, ya kahawia, kama ndevu za mbuzi zilizoshika moto. Hapo sikuhitaji maabara, ingawa nilipeleka sampuli.

Nikamtafuta yule dereva. Chupa mbili za bia baadaye akanieleza bila haya yoyote: udongo ulitoka kwenye uwanja wa karakana moja ya zamani. Mwenye uwanja alimlipa autoe ili apate karatasi kwamba mahali pamesafishwa. Na karatasi aliipata! Wala haikusema uongo. Kwake palikuwa safi. Sumu ilikuwa kwangu, chini ya kitanda cha binti yangu. Mwenye uwanja alilipa iondoke, mimi nikalipa ije. Siku ile aliyekuwa na akili timamu alikuwa dereva peke yake.

Mtaniuliza: kwa nini na wewe hukuitoa? Niipeleke kwa nani? Nani kati yenu aniinulie mkono? Niliiacha palepale. Nilichanganya chokaa ya Kakontwe na mboji nyingi, nikaweka juu udongo wa kichuguu kutoka mbali nje ya mji, nikaushindilia. Udongo wa vichuguu vyetu ni mfinyanzi mzito na mara nyingi una chokaa yake wenyewe, wakulima wanaujua. Mahali watoto wanachezea nikatandika tofali. Mboga zikahamia kwenye magunia juu ya meza. Sumu bado ipo. Ninajua ipo wapi, ina kina gani, na imeandikwa kwenye karatasi za nyumba ili hata nikifa anayenunua ajue.

Kuna kijana hapa mbele ananitazama, najua anataka kusema nini. "Profesa, kuna mimea inayofyonza metali." Ipo, ndugu yangu. Hata yale maua ya shaba yanayoota juu ya vilima vyetu yamewahi kuwaonyesha watafiti wa madini pa kuchimba. Lakini chukua kalamu tupige hesabu. Hekta moja, udongo wa juu sentimita 20 tu: karibu tani 2,500. Tuseme kila kilo ina gramu moja ya shaba iliyozidi, na kuna mahali hapa kwetu ambapo hiyo ni hesabu ya huruma. Hizo ni kilo 2,500 za shaba. Sasa panda mimea yako ivune tani 5 za majani makavu kwa mwaka, na kila kilo ya majani ibebe miligramu 100. Umetoa nusu kilo. Nusu kilo kwa mwaka! Utamaliza baada ya miaka 5,000. Na hayo majani utayapeleka wapi? Utamwita dereva wangu?

Mimea ninaipenda kwa kazi nyingine. Yale majani mafupi ya Penga Penga, *Microchloa kunthii*, watafiti wa hapa wameyapanda kwa makusudi pamoja na chokaa na mboji, si yanyonye shaba bali yashike ardhi isipeperuke. Vumbi ndilo linaloingia kwa watoto. Wenzetu wa Kabwe, Zambia, mgodi wao wa risasi ulifungwa 1994, na bado watoto wanapatikana na risasi kwenye damu, kwa sababu mtoto huchezea uwanja kisha huweka mkono mdomoni. Na ninyi wamama mnaokula pemba, ule udongo wa kutafuna, mkiwa na mimba, sitawagombeza hapa hadharani, ila tuonane mlangoni.

Chokaa inafanyaje? Udongo ukiwa mchachu, shaba, zinki, kadimi na kobalti zinayeyuka na kutembea na maji. Ukipunguza uchachu, zinashikana na udongo, hazitembei ovyo. Basi. Ila mvua zetu zinarudisha uchachu, kwa hiyo chokaa ni kama kupaka rangi nyumba: unapima, unarudia. Na msikimbilie kumwaga magunia baada ya mimi kuondoka! Kuna aseniki, sumu nyingine ya udongoni, hiyo ina kichwa cha kinyume. Ukizidisha chokaa, aseniki inaweza kuachia udongo na kuanza safari. Ndiyo maana tunapima kwanza.

Safari ya kwenda wapi? Kwenye visima vyenu.

Mtu ananiambia: maji ya foraje yangu, kisima kilichotobolewa kwa mashine, ni meupe kama kioo, tena ninayachemsha. Mama, kuchemsha kunaua vijidudu. Metali haifi. Sufuria ikipungua maji, metali inabaki ileile katika maji machache zaidi, umeikoleza kama mchuzi. Na shaba nyingi angalau utaionja uchungu. Aseniki haina ladha. Shirika la Afya Duniani linaweka mwisho wake mikrogramu 10 kwa lita, maana yake gramu moja imegawanywa katika bido 5,000 za lita 20. Jicho gani litaiona?

Maji ya chini nayo yana mteremko wake, si lazima uwe ule wa barabara. Kuujua hakuhitaji mzungu na mashine. Visima vitatu, visivyo kwenye mstari mmoja. Muashi aje na ule mpira wake wa maji anaotumia kusawazisha msingi, tulinganishe midomo ya visima. Kisha kamba na jiwe, tupime maji yako chini kiasi gani. Penye maji ya juu kuelekea penye ya chini, huko ndiko yanakokwenda. Mwenye kisima upande huo apimwe wa kwanza. Na anayetaka kuweka pampu kubwa jirani na ule uwanja angoje, kwa sababu pampu ikivuta sana inageuza mteremko, na maji yaliyokuwa yanakwenda kwa wengine yanakuja kwako.

Mafuta ya mashine nayo... kijana wa mikrofoni ananionyesha saa. Haraka: mazuti ni habari nyingine, hiyo vijidudu wanaila, lundo likigeuzwa lipate hewa na unyevu. Mafuta ya transfoma za zamani msiyaguse wala msikaangie, ndiyo, kuna wanaokaangia. Sheria ya mazingira ya 2011 inasema aliyechafua ndiye anayelipa. Aliyechafua na kuondoka ni mhadhara mzima, sitauanza.

Chupa ziko mlangoni, nimeleta 30. Suuza mara tatu kwa maji ya kisima chako, jaza mpaka juu, andika avenyu na namba, usiandike jina. Muashi mwenye mpira wa mita 20 ajitokeze, Jumamosi saa moja asubuhi tuanzie kisima cha nyuma ya kanisa. Na kabla ya hapo, kamio yoyote ikiingia kwenye ule uwanja kuchota udongo, nipigieni simu, hata iwe usiku.