Dawa iliyomo katika maji ya mkonge

Ndugu zangu wa Malindi, asanteni kwa kuja. Anayekwenda Mombasa hupita Vipingo na kuyaona mashamba ya mkonge. Jani likishasagwa kwenye korona, yaani mashine ya kutenga nyuzi, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni makapi na maji ya kijani yanayowasha ngozi. Humo mna hekojenini, kemikali inayoweza kugeuzwa kiwandani kuwa kotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe wa viungo.

Mwaka 1948 huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hajiwezi, na baada ya siku chache akatembea. Lakini kotisoni ile ilitokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30. Nyongo ingetosha wagonjwa wangapi? Wanakemia wakageukia mimea. Russell Marker alishapata projesteroni, homoni ya jamii moja na kotisoni, kutoka kwa viazi vikuu vya mwituni vya Mexico. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza ikaufuata mkonge wetu wa Afrika Mashariki.

Kwa nini mkonge? Hapa ndipo utamu ulipo. Kotisoni inataka oksijeni ikae kwenye kaboni ya 11 ya molekuli yake. Malighafi ya kiazi cha Mexico haina oksijeni sehemu hiyo kabisa. Mwaka 1952 wataalamu wa Upjohn, kampuni ya dawa ya Marekani, waliiweka oksijeni hiyo kwa msaada wa kuvu aina ya Rhizopus. Hekojenini inayo tayari, kwenye kaboni ya 12, nyumba ya jirani! Kazi ni kuihamisha.

Maji ya mkonge huachwa kuchacha siku kadhaa, tope lake huchemshwa na asidi ili sukari zilizoshikana na hekojenini zibanduke, ndipo hekojenini itolewe. Hapo bado si dawa.

Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaouliza kama mkonge uliochemshwa hutibu viungo. Hautibu, jamani. Mwili hauwezi kuigeuza hekojenini kuwa kotisoni. Hiyo ni kazi ya kiwandani. Msiunywe.

Na dada zangu, krimu nyingi za kung'arisha uso zina steroidi, yaani dawa za jamii hii hii ya kotisoni, kama betamethasoni. Ukizipaka miezi na miezi, ngozi huwa nyembamba, ikachubuka kwa jambo dogo. Inaniuma kuona dawa ya thamani hivi ikiharibu nyuso.

Mwenye mzee nyumbani anayemeza prednisoloni, nayo ni steroidi, kwa muda mrefu, asimwachishe ghafla. Tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza homoni za jamii hii mwilini, zimelala kwa sababu dawa imekuwa ikifanya kazi yao. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo mpaka ziamke.